Mtoto haonekani: cha kufanya, kuanzia dakika ya kwanza

Kabla hujatoka nje kupiga kelele, rudi ndani uangalie chini ya kitanda. Watoto wadogo, hasa hawa wa miaka miwili mpaka minne, wanalala sehemu ambazo mtu mzima hata hawazi: nyuma ya sofa, ndani ya kabati la nguo, juu ya lundo la nguo chafu, kwenye gari lililopaki uani, chini ya meza ya cherehani. Mtaa mzima unatafuta, mama kashavua viatu analia, halafu mtoto anatoka anafikicha macho anauliza kuna nini. Kwa hiyo ndani kwanza, chapuchapu, chumba kwa chumba, na uangalie kwa macho na kwa mkono, usiite tu jina ukiwa mlangoni, maana mtoto aliyelala usingizi wa mchana hasikii hata ngoma.

Nimeandika hii nikifikiria mitaa ya Dar, Mbagala, Manzese, Tandika, Gongo la Mboto, kwa sababu ndiko ninakokujua. Ukiwa Mwanza au Arusha mambo ni yaleyale, na ndugu zetu wa Kenya badilisheni tu mjumbe iwe nyumba kumi na chifu, RB (ile namba ya taarifa unayopewa ukiripoti polisi) iwe OB, mengine yote yanawahusu.

Ndani ukishamaliza, usikimbilie barabarani. Nenda kwenye maji

Hapa ndio watu wengi wanateleza. Akili inakwambia mtoto kaibiwa au kagongwa na gari, miguu inakupeleka barabara kuu, kumbe hatari kubwa ipo hapo hapo uani. Kisima cha chini ya ardhi ambacho mfuniko wake ni kipande cha bati, pipa la maji ya mvua, simtanki lenye kitu cha kukanyagia pembeni, chemba iliyovunjika mfuniko mnaiziba na tairi, choo cha shimo, mfereji nyuma ya ukuta, shimo la mafundi kwa jirani anayejenga ambalo limejaa maji tangu masika. Hata ndoo kubwa ya kufulia inatosha kwa mtoto anayetambaa au anayeanza kutembea. Na mtoto mdogo anazama kimya, hapigi kelele wala harushi maji kama kwenye sinema. Mtoto aliyepotea njia ya dukani anaweza kusubiri nusu saa akilia na bado akawa mzima, aliyetumbukia hana hiyo nusu saa. Ndio maana maji kwanza. Mtu mmoja aangalie maji yote ya nyumba yako na ya majirani wa pande zote nne, aangalie ndani kabisa, na tochi kama kuna giza.

Baada ya maji angalia vitu vinavyojifunga: gari la jirani lililopigwa jua, friji bovu lililotupwa nyuma ya nyumba, stoo, banda la kuku.

Kama mtoto ana usonji (autism), hii ya maji ndio ichukulie serious mara mbili. Watoto wengi wenye usonji wanavutwa sana na maji, na ukimwita anaweza asiitike hata kama yupo hatua tatu kutoka kwako. Usitegemee sauti, tegemea macho, na uwaambie wote wanaotafuta hivyo.

Ita kwa sauti ya "njoo ule", siyo ya "ngoja nikukamate"

Hii naomba uisome vizuri. Kuna mtoto wa miaka sita, saba, nane, katumwa mafuta ya taa au unga, kaangusha hela njiani au kavunja chupa, na anajua akirudi kuna fimbo. Huyu hajapotea, kajificha. Yupo nyuma ya choo cha jirani au kwenye pagale anakusikia kabisa unavyoita "Rama weee, leo utanitambua!" na kila ukiita anazidi kujibana. Halafu giza linaingia ndio anaanza kuogopa kurudi kweli kweli, anaenda mbali zaidi, na hapo sasa ndio anapotea. Kwa hiyo hata kama una hasira za mwaka mzima, ita kwa upole. "Rama, njoo baba, hela siyo shida, njoo ule." Mwambie bibi au shangazi anayempenda ndio aite, na baba mkali aende upande mwingine kabisa.

Gawa watu, usikimbie peke yako

Ukishaona ndani hayupo, maji yako salama na akiitwa haitiki, hapo sasa piga kelele, tena kubwa, usione aibu. Watu wetu kwa hili wana roho nzuri, ndani ya dakika kumi utakuwa na kundi. Tatizo linalokuja ni kwamba watu ishirini wote wanaelekea upande uleule kwa sababu kila mtu anamfuata aliyetangulia, mama naye anakimbia kimbia bila simu, nyumbani hakuna mtu, na mtoto karudi kwa mlango wa uani kakuta kufuli kaondoka tena. Nakwambia mtoto anapatikana na watu waliogawana kazi, hata wakiwa sita tu. Tafuta mtu mmoja asiyelia, mara nyingi ni jirani au mjomba, awe ndio anapanga. Mzazi wewe ndio unajua vitu, yeye ndio agawe watu.

Anayebaki nyumbani: lazima awepo, asitoke hata kwa dakika moja, mlango wazi, na usiku taa ya nje iwake. Awe na simu yenye chaji na laini inayojulikana.

Wa njia ya mazoea: huyu anatembea njia zote mtoto anazozijua. Shule, madrasa, kanisani kwenye Sunday school, kwa bibi, nyumba mliyohama mwezi uliopita (watoto wanarudi sana nyumba za zamani), kwa yule rafiki yake mwenye baiskeli.

Wa burudani: hii sitanii. Vibanda umiza wanakoonyesha mpira na muvi, vyumba vya magemu, uwanja wa mpira, sehemu yenye turubai la harusi au msiba. Na uliza kabisa kama siku hiyo kuna mdundiko ulipita, au gari la matarumbeta la watu wanaotoka kwenye harusi, au gari la matangazo lenye muziki. Mtoto anafuata ngoma akiwa na wenzake kumi, wanacheza, wanavuka mitaa mitatu minne, ngoma inaishia kwa watu, wale wakubwa wanajua njia ya kurudi yeye wa miaka mitano kabaki kasimama mtaa asioujua. Kama ngoma ilipita, usihangaike na pande nyingine, mtume bodaboda ifuate ilikoelekea, na watu wasimame kila ilipokata kona.

Wa vijiwe: aende kwa bodaboda, bajaji, mama ntilie, wauza matunda, mangi wa duka, fundi viatu. Hawa wanakaa sehemu moja siku nzima wanaona kila anayepita. Usiwaulize "mmemwona mtoto wangu?" maana hawamjui, waambie nguo: "mtoto wa kike, gauni la kitenge la bluu, miguu peku, miaka minne". Bodaboda wana grupu zao za WhatsApp kijiwe kwa kijiwe, omba picha irushwe humo na kituo kizima cha Mbagala au Mbezi kitakuwa kinajua kabla hata wewe hujafika polisi.

Wa stendi na vituo vya daladala: aongee na makonda na wapiga debe. Mtoto anaweza kupanda daladala kwa kumfuata mtu mzima, konda anadhani ni wa yule mama, mama naye anashuka zake.

Simu ya mawasiliano iwe moja, mbili mwisho. Kila aliyetumwa arudishe taarifa kwenye namba hiyo hata kama hajaona kitu, ili mjue wapi pameshatafutwa. Na msijaze hiyo namba kwa kupigiana pole. Ndugu wa Singida anayetaka kujua imekuwaje aambiwe atapigiwa.

Giza likiingia, tafuteni wawili wawili, mapagale na mashimo yaangaliwe na vijana wenye tochi. Msiwatume watoto wengine kutafuta, mtajikuta mnatafuta wawili.

Mjumbe, serikali ya mtaa, spika ya msikiti

Wakati hao wanazunguka, mtu mmoja aende kwa mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Watu wanamdharau mjumbe mpaka siku wanataka barua, lakini yeye anapigia wenzake wa mitaa ya jirani, na mtoto akiokotwa mara nyingi ndiko anakopelekwa kwanza. Ofisi ya mtaa nyingi zina kipaza sauti.

Msikitini omba watangaze baada ya swala, na hata kabla ya swala hawakatai, spika zile zinafika mbali. Jumapili makanisani hivyohivyo. Andika tangazo kwenye karatasi ukampe anayetangaza, mistari minne tu: jina analoitwa nyumbani, umri, nguo, na namba ya simu. Ukimwambia kwa mdomo huku unalia atatangaza nusu.

Polisi usisubiri masaa 24

Sijui nani aliianzisha hii habari ya kusubiri siku nzima ndio uripoti, lakini imeshaumiza watu. Kwa mtoto unaenda palepale, mapema iwezekanavyo, huku wengine wanaendelea kutafuta. Mimi ningesema kama mtoto ni mdogo na umeshamaliza nyumba, maji na majirani bila kumwona, mtu awe tayari njiani kwenda kituoni. Unaweza pia kupiga 112. Vituo vidogo vingine usiku vinafungwa, kwa hiyo kama ni usiku nenda moja kwa moja kikubwa cha wilaya.

Kituoni uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Kama halipo au hakuna mtu muda huo, ripoti kaunta ya kawaida na uondoke na namba ya RB. Kumbuka hii siyo ile loss report ya kitambulisho au laini ya simu, usikubali kuandikiwa hiyo ukaondoka. Kufungua RB hakulipiwi. Askari akikwambia "subiri kwanza labda yupo kwa ndugu", usigombane naye kaunta, omba kwa adabu kuonana na mkuu wa kituo, mweleze umri wa mtoto na giza linakuja, mambo yatatembea. Chukua jina na namba ya simu ya askari aliyepewa hilo jalada, maana kesho ukienda utakuta zamu nyingine kabisa unaanza upya.

Nenda na hivi: picha ya karibuni, majina matatu ya mtoto, umri, nguo alizovaa mpaka viatu, alama za mwilini, lugha anayoongea (kuna watoto wametoka kijijini juzi, Kiswahili bado), ugonjwa au dawa anazotumia, nani alimwona mwisho, wapi na saa ngapi. Na sema ukweli wote. Kama kuna ugomvi na baba yake, kama dada wa kazi naye haonekani, kama mtoto alipigwa asubuhi, sema. Hizo ndio habari zinazobadilisha wapi pa kutafuta, aibu utaishughulikia baadaye.

Namba nyingine ya kuwa nayo ni 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, inafanya kazi bara na Zanzibar, na Kenya pia namba ni hiyohiyo 116. Wao watakuunganisha na maafisa ustawi wa jamii. Hapa kuna kitu watu hawakijui: mtoto mdogo akiokotwa na hajui kujieleza, polisi wanamkabidhi ustawi, na ustawi wanaweza kumpeleka kwenye makao ya watoto kwa muda. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa salama kabisa, kala, kaoga, kalala, huku nyie mnalia siku ya pili, kwa sababu alipotelea Temeke akashushwa na daladala Ubungo, na nyie mmeripoti Temeke tu. Dar ina wilaya tano, Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Zote tano zipigiwe au zitembelewe, polisi na ustawi. Hospitali pia: Amana, Temeke, Mwananyamala, na Muhimbili pale mapokezi ya dharura. Ukifika usiulize jina, jina hawana, uliza "kuna mtoto aliyeletwa leo bila ndugu?"

Tangazo la mtandaoni

Picha iwe ya uso, peke yake, isiwe ile ya birthday wako watoto saba umemchorea duara, wala yenye filta ya masikio ya paka. Halafu maneno yaandike JUU YA PICHA yenyewe, usiandike chini kama kepsheni tu, kwa sababu watu wakiforwadi maneno yanabaki nyuma inatembea picha tupu na hakuna anayejua ni ya nini. Na weka tarehe. Bila tarehe hiyo picha itazunguka miaka mitatu na mtoto yupo darasa la nne anasoma zake.

Mfano:

MTOTO HAONEKANI. Anaitwa Rama, miaka 6. Ametoka dukani mtaa wa (andika mtaa), Mbagala, leo Jumanne tarehe (andika na mwaka), saa kumi jioni. Amevaa tisheti ya njano na kaptula ya shule. Mweusi, mwembamba, ana pengo la meno ya mbele. Ukimwona kaa naye hapo na upige 07… au 06… au mpeleke kituo cha polisi kilicho karibu. RB namba …

Alama moja USIIANDIKE. Kovu la goti, alama ya kuzaliwa mgongoni, jina la mdoli wake, chochote, hiyo ibaki kwenu na polisi. Utaona kazi yake sasa hivi.

Usiandike namba ya nyumba, usiandike baba ni nani anafanya kazi wapi, na zawadi ya mamilioni usitangaze, maana hiyo inaita watu wa aina nyingine.

Matapeli watapiga, jiandae

Ukishaposti namba yako tu, watapiga. "Mama Rama, mtoto wako ninaye hapa Morogoro, kapata homa, tuma elfu hamsini ya hospitali kwa namba hii." Wewe muda huo akili haipo, unatuma. Wengine wanaweka na sauti ya mtoto analia nyuma. Ndio maana simu asishike mama, ashike yule mtu asiyelia. Jibu liwe moja kwa wote: ahsante sana ndugu, tuwekee tuongee na mtoto. Hawezi? Tutumie picha yake sasa hivi. Hawezi? Ana alama gani gotini? Halafu mwambie ampeleke kituo cha polisi chochote kilicho karibu naye, atupigie akiwa na askari, nauli na ahsante yake tutamkabidhi hapo. Mwenye mtoto kweli atakubali, tena atafurahi kuutua mzigo. Tapeli atakata simu au atakutukana.

Tofauti na hiyo ni mtu anayesema wazi kamchukua na anataka hela. Huyo usibishane naye, usimtukane, usimposti. Sikiliza, andika namba na saa, skrinshoti meseji, na polisi wajue dakika hiyohiyo kabla ya kutuma senti.

Kuhusu mganga. Dua someni, sala salini, hilo halizuii kutafuta. Ila kumtoa baba mtu kwenye msako aende kwa mtaalamu halafu wote mkae mnasubiri majibu, hapana. Na kibaya zaidi ni mtaalamu anayesema "kachukuliwa na mwanamke mfupi wa nyumba ya tatu". Mnarudi mtaani mnavunja nyumba ya mtu, kesho mtoto anapatikana alilala kwa shangazi yake.

Hiyohiyo inaenda kwa hizi habari za gari jeusi linaloiba watoto. Kila baada ya muda zinaibuka, sauti ya WhatsApp ya mtu asiyejitambulisha, "wameshachukuliwa wanne Kimara", na siku hiyo mwanaume yeyote anayemvuta mtoto anayelia anakuwa mwizi wa watoto. Kuna baba kabisa anamrudisha mwanae shule, kagoma, analia. Ukiona kundi linamzunguka mtu, sauti yako iwe ya kumpeleka ofisi ya mtaa au polisi, siyo ya kuuliza tairi liko wapi. Na kurusha habari ya mtoto kutekwa huku unajua ni ya uongo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakuhusu.

Kwenye mikusanyiko: Kariakoo, Coco, Sabasaba

Mkono umeachia Mtaa wa Kongo wiki ya Eid au Desemba, hapo huhitaji mbinu za mtaani. Mmoja wenu asimame palepale alipopotea, asisogee, maana watoto wengi wanarudi au hawajaenda mbali, wamezibwa tu na miguu ya watu. Mwingine ndio anazunguka. Na unapopiga kelele usiite "Juma!", Kariakoo ina Juma elfu. Piga kelele ya nguo: "Mtoto tisheti ya njano! Miaka mitano! Peku!" Kila machinga pale atageuka atafute njano. Wenye maduka na wauza CD na sabuni wana spika, mwombe mmoja akutangazie. Kituo cha polisi Msimbazi kipo hapo hapo, na watoto wanaookotwa Kariakoo wengi huishia huko.

Coco Beach sikukuu, maji kwanza, sitarudia sababu. Halafu mtoto aliyepotea ufukweni mara nyingi anatembea kando ya maji, kwa hiyo gawaneni mmoja kushoto mmoja kulia na mtembee haraka kumzidi.

Sabasaba, Nanenane, viwanja vya Eid pale Mnazi Mmoja: mkifika tu kabla ya kununua hata aiskrimu, mwonyeshe mtoto sehemu moja inayoonekana kwa mbali, "tukipotezana, hapa". Na mpige picha getini akiwa na nguo za siku hiyo. Siku ya kupotea mama anasema tisheti nyekundu, baba anasema ya orenji, simu inamaliza ubishi.

Akiwa mkubwa kidogo

Wa miaka kumi na mbili mpaka kumi na saba mara nyingi katoka mwenyewe. Matokeo mabaya, kipigo, kachoka kutumwa, kuna mtu kamwahidi kazi mjini au muziki, kuna boifrendi. Hapa anayejua kitu ni rafiki yake, na rafiki hasemi mbele ya wazazi wote wawili wamekunja sura. Mtume dada yake au mwalimu anayempenda aongee naye pembeni, amwambie wazi hakuna atakayepigwa. Angalia begi: kachukua nguo? chaja? cheti cha kuzaliwa? Aliyechukua chaja amepanga. Kama ana simu, mtumie meseji moja ya upole, usimtumie arobaini za vitisho, atazima. Stendi ya Magufuli pale Mbezi mpelekeeni picha walinzi na mawakala wa mabasi ya upande mlikotoka, na ndugu wa kijijini wajulishwe wasimame mabasi yanaposhuka. Na huyu naye ni mtoto mpaka afike miaka 18, polisi wasikwambie "kashakua".

Dada wa kazi akiondoka na mtoto ni jambo lingine, ndio maana siku anapoanza kazi unampeleka kwa mjumbe, unabaki na picha yake, namba ya NIDA na namba ya simu ya kwao. Siyo kumdhalilisha, hata yeye inamlinda siku nyumbani kitu kikipotea.

Akipatikana

Usimpige. Najua presha imeshuka na mkono unawasha, usimpige, na mtaa usimzomee. Mpe maji, chakula, akae na mtu mmoja anayemwamini, muulize taratibu alikuwa wapi na nani alimpa chakula. Ukiona woga usio wa kawaida, maumivu, nguo zimegeuzwa au kazipata mpya, au kakaa na mtu msiyemjua, usimwogeshe na usifue nguo. Hospitali na polisi palepale, ulizia kituo cha mkono kwa mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wanakaa sehemu moja. Kuna dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ambazo zinatakiwa zianze ndani ya masaa 72, na mapema ndio nzuri zaidi, kwa hiyo msikae kikao cha ukoo kwanza.

Halafu rudi kituoni ukafunge ile RB, wapigie 116, waambie msikitini watangaze kapatikana. Ile posti ifute au ubadilishe picha yake uandike KAPATIKANA kwa herufi kubwa, usitume "alhamdulillah" tu kwenye grupu, wengine hawataelewa ni ya nini wataendelea kuforwadi.

Na ukiwa wewe ndio umemwona mtoto wa mtu

Kasimama njia panda analia. Usiondoke naye hapo hapo, kaa naye dakika kumi, kumi na tano, mama yake yupo mtaa wa pili anakimbia. Ita mtu mwingine, ikiwezekana mwanamke, msimame wawili ili mtu asikufikirie vibaya. Chuchumaa, muulize unaitwa nani, mama anaitwa nani. Atakwambia "mama". Baba? "Baba." Usichoke, uliza vitu anavyoviona: nyumbani kuna nini mlangoni, mnanunua wapi maandazi, gari la shule lina rangi gani, msikiti mnausikia, ndege zinapita juu? Wa Kipawa atakwambia ndege, wa Kigamboni atakwambia pantoni. Angalia begi na madaftari, sweta la shule, sehemu ya ndani ya kola, wazazi wengine wanaandika namba huko (na wewe andika kwa wanao, na uwafundishe namba yako kwa kuiimba, mtoto wa miaka minne anaweza).

Mzazi asipotokea, mpeleke mtoto kwa mjumbe au ofisi ya mtaa wa hapo hapo alipoonekana, na kutoka hapo polisi. Usiende naye kwako Chanika eti kesho ndio utaripoti, hata kama huruma imekushika na mtoto kashakuzoea, maana kwao sasa hivi wanaangalia visima. Ukimposti, weka picha na sehemu alipookotwa, ila usiweke kila alichokwambia, acha mwenye mtoto ndio ataje jina la bibi na rangi ya geti. Na kituoni usiondoke mpaka uone wameandika alipookotwa na saa ngapi, uache namba yako, na uchukue jina la askari uliyemkabidhi.